Gari la porini lilipohamia mjini

Honda walipotoa CR-V mwaka 1995, mnunuzi aliyefunua sakafu ya buti alikuta meza. Ilikuwa meza ya pikiniki yenye miguu ya kukunjua, na ilipokuwa haitumiki ndiyo iliyokuwa sakafu yenyewe. Land Rover ya kwanza, ya mwaka 1948, iliweza kufungwa nyuma shafti ya kutoa nguvu za injini nje ya gari, ili mkulima aendeshee msumeno, pampu ya maji au mashine ya kupura nafaka. Kati ya shafti ile na meza hii kuna miaka 47, na ndani ya miaka hiyo gari la porini lilihamia mjini.

Magari ya aina zote mbili leo yanaitwa SUV. Mtu anayetafuta gari la kupeleka watoto shule, na ikifika Desemba limfikishe Bukoba, Njombe au Rombo na familia nzima, anaambiwa na dalali kwamba gari likiwa juu basi linapita popote. Maneno hayo yamewaponza wengi msimu wa masika. SUV nyingi za familia hazikupoteza ugumu wao njiani kama inavyodhaniwa. Zilizaliwa katika ukoo mwingine kabisa, ukoo wa magari madogo ya mjini, kisha zikavishwa umbo la wale wa porini.

Ukoo wa porini ulitoka vitani. Jeshi la Marekani lilitaka gari dogo, jepesi, lenye kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, na kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya Willys na Ford vilikuwa vimetengeneza Jeep zaidi ya 600,000. Moja ya hizo ilimwangukia Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, aliyeitumia katika shamba lake kwenye kisiwa cha Anglesey, Wales. Ilipoanza kuchakaa akaona ni heri kampuni yake itengeneze ya kwao. Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, na dhiki hiyo ikageuka neema kwa watu wa Tanga, Mombasa na Zanzibar: hewa ya chumvi ilikula chesesi, bodi ikabaki nzima.

Ugumu wa magari yale ulikuwa chini, mahali ambapo mnunuzi wa leo hatazami. Chesesi ilikuwa fremu ya chuma kama ngazi iliyolazwa, na bodi ikafungwa juu yake kwa bolti. Ekseli zilikuwa za kipande kimoja, toka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili linasukumwa chini likandamize ardhi, na difu inabaki na kimo kilekile juu ya ardhi. Halafu kulikuwa na seti ya pili ya gia, zile nzito, zinazowezesha gari lililojaa mizigo kushuka kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila dereva kugusa breki. Hakuna kati ya vitu hivi kinachoonekana kwenye picha ya tangazo.

Kwetu Afrika Mashariki, Land Rover ilikuwa gari la bwana shamba, la mkuu wa wilaya, la misheni na la daktari wa kuzunguka vijijini. Katika miaka ya 1970 ziliunganishwa Thika, nchini Kenya, kwenye kiwanda cha Leyland. Fundi mwenye spana za kawaida na jeki aliweza kushusha giaboksi chini ya mwembe na kuirudisha. Jambo hilo nalihesabu kuwa nusu ya ugumu wenyewe, kwa sababu gari lisiloweza kutengenezwa mahali lilipokwama halina tofauti na gari dhaifu.

Toyota walikuja na hesabu zao. Mwaka 1951 walijenga gari lililoitwa Toyota Jeep BJ, na dereva wao wa majaribio, Ichiro Taira, akalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Jeep lilikuwa na mwenyewe, hivyo mwaka 1954 wakalibadilisha kuwa Land Cruiser. Mfululizo wa 40 ulianza 1960, ukarithiwa mwaka 1984 na mfululizo wa 70, ambao hadi leo bado unatengenezwa. Wenye kuzipima katika udongo mfinyanzi wa mbugani walikuta zinavunja shafti mara chache kuliko za Waingereza, na vipuri vilipatikana. Taratibu, Land Cruiser ikachukua kiti cha Land Rover kwenye maegesho ya wizara, hospitali na mashirika ya misaada.

Mlango wa kuelekea mjini ulifunguliwa na Range Rover, mwezi Juni 1970. Chini ilibaki na chesesi, ekseli za kipande kimoja na gia nzito, ila springi zikawa za mviringo na laini, injini ikawa V8, na mwendo ukawa wa kumfaa mtu aliyezoea saluni. Hata hivyo viti vyake vya kwanza na sakafu vilikuwa vya plastiki, vya kuoshwa kwa mpira wa maji. Mwaka 1972 Range Rover mbili za msafara wa Waingereza ulioongozwa na John Blashford-Snell zilipenya msitu wa Darién, kati ya Panama na Kolombia, kwa karibu siku 100, na zikavunja difu njiani. Gari lile lilistahili sifa zote mbili, ya starehe na ya kazi. Nadhani ndilo lililowapa wengine wazo kwamba sifa ya pili inaweza kuuzwa hata kama haimo.

Sheria nayo ilisukuma. Marekani ilipopitisha mwaka 1975 sheria ya kubana matumizi ya mafuta, magari yaliyohesabiwa kuwa ya mizigo yaliwekewa viwango vyepesi kuliko saluni. Viwanda vikaona faida ya kuuza gari la familia lililosajiliwa kama la mizigo. Ford Explorer ya mwaka 1990 ilikuwa pikapu ya Ranger iliyofunikwa na kuongezwa viti; miongo miwili baadaye Explorer ikaacha hata chesesi, umbo likabaki.

Japani walifika hapo kwa njia yao, nao ndio waliojaza bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Toyota walionyesha RAV4 kama gari la mfano katika maonyesho ya Tokyo mwaka 1989, wakaanza kuiuza Mei 1994. Vifaa vyake vingi vilitoka kwenye Corolla na Carina. Haikuwa na chesesi ya peke yake: bodi na fremu vilichomelewa kuwa kitu kimoja, kila gurudumu likawa na springi na mkono wake, na injini ikalazwa kwa upana kama ya saluni. CR-V ikafuata ikiwa na mifupa ya Civic. Desemba 1997 ikaja Harrier, iliyojengwa juu ya mifupa ya Camry, na ng'ambo ikauzwa kwa jina la Lexus RX. Waliozibuni hawakudanganya mtu. Walilenga mzazi wa Kijapani anayekwenda na watoto wake kwenye theluji mara mbili kwa mwaka, kwa barabara ya lami, na kwa kazi hiyo walitengeneza magari mazuri sana.

Shida inaanza matope yanapoingia. Kwenye CR-V ya kwanza magurudumu ya nyuma yalipata nguvu baada tu ya yale ya mbele kuteleza, kwa msaada wa pampu mbili za mafuta zilizohisi tofauti ya mwendo. SUV nyingi za familia za leo zina mpango wa aina hiyo, ila sasa unaongozwa na kompyuta na klachi ndogo ya umeme karibu na difu ya nyuma. Kwenye kokoto au utelezi wa muda mfupi unafanya kazi vizuri. Kwenye mchanga mzito wa nusu saa klachi ile inapata joto, kompyuta inaikata ili isiungue, na dereva anabaki na magurudumu ya mbele peke yake, akiwa katikati ya mchanga.

Na kuna magari mengi ambayo hayana hata hicho kidogo. RAV4 ya mwaka 2000 ilipotoka, ile yenye injini ya lita 1.8 iliendeshwa na magurudumu ya mbele tu. Harrier ya mwaka 2003 yenye injini ya lita 2.4 ilikuja kwa namna mbili zisizotofautiana kwa macho: namba ya chesesi ikianza na ACU35, magurudumu manne yanasukuma; ikianza na ACU30, ni mawili. RAV4 iliyofuata nayo ilikuwa ACA31 kwa manne na ACA36 kwa mawili. Ni herufi na tarakimu chache kwenye kadi ya gari, na kwa mtu anayeishi kwenye mlima wa udongo mwekundu zina thamani kuliko rangi ya viti. Inaniumiza kuona familia ikitoa akiba ya miaka kwa ajili ya umbo, bila kuuliza swali hilo moja.

Wapo wanaosema kosa ni kuondoa chesesi. Historia inawakatalia. Warusi walitoa Lada Niva mwaka 1977 ikiwa na bodi na fremu vilivyochomelewa pamoja, lakini wakaiwekea magurudumu manne yanayosukuma wakati wote, gia nzito na uwezo wa kufunga difu ya kati. Ikasifika kwenye theluji na vinamasi vya kwao. Jeep Cherokee iliyotoka kwa ajili ya mwaka 1984 nayo haikuwa na chesesi ya kutenganishwa, lakini ilibaki na ekseli za kipande kimoja. Wahandisi wa magari yale walikusudia porini, ndiyo maana yalifika.

Wala urefu kwenda juu si dhamana. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilitawaliwa kwa miongo na saluni. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, aliishinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh aliishinda 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Magari hayo yalikuwa na springi za kwenda mbali juu na chini, vyuma vinene na madereva walioijua barabara. Peugeot 504, iliyounganishwa Mombasa, ilibeba abiria na magunia katika njia ambazo SUV ya leo yenye matairi mapana ya mjini ingepasua sampu kilomita ya kwanza.

Upande wa pili wa hoja lazima usemwe kwa haki. Yapo magari mapya yanayozidi mababu zao. Defender mpya, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 2019, haina chesesi ya zamani wala ekseli za kipande kimoja, lakini inavuka maji ya kina cha milimita 900, wakati Defender iliyokoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016 iliruhusiwa 500. Kompyuta yake inabana breki ya gurudumu linalozunguka bure na kuhamishia nguvu kwenye lile lenye kushika, kwa kasi ambayo mguu wa dereva hauwezi. Kwa kufika, imemshinda babu yake. Kwa kurudi sina hakika hiyo, maana springi zake za hewa au sensa ikigoma Loliondo, fundi wa pale anahitaji kifaa cha kusoma kompyuta, na kipuri kitoke mbali.

Namba hizo za kina nazo ni za maji yaliyotulia. Maji yanayokimbia ya sentimita 60 yanatosha kubeba magari mengi, SUV zikiwemo. Kila masika watu wanapoteza maisha kwenye madaraja yaliyofurika, na wengine wao waliamini kwamba gari lililoinuka litapita.

Wale ambao mkate wao unategemea tope wamekwisha kuamua. Arusha, karakana zinachukua Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazikata chesesi na kuzirefusha ili zibebe viti zaidi, kisha zinaweka paa la kuinua kwa ajili ya watalii wa Serengeti na Ngorongoro. Mwezi Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha kwa mara ya kwanza gari la kusafirisha chanjo lenye jokofu lililokidhi viwango vyake, lilikuwa Land Cruiser 78 yenye jokofu la lita 396. Muundo wake ni wa mwaka 1984. Bei yake, hata iliyotumika, haishikiki kwa mwalimu au muuguzi.

Kwa mtu huyo wa kipato cha kati, Suzuki Escudo ndiyo iliyokuwa jibu. Ilipotoka mwaka 1988 ilikuwa na chesesi na gia nzito, na ilikuwa nyepesi kusukuma ilipokwama. Ile ya mwaka 2005 iliunganisha chesesi na bodi lakini ikabakiza gia nzito na kufunga difu ya kati. Ya mwaka 2015 ikajengwa juu ya mifupa ya gari dogo la mjini, gia nzito zikaondoka, na kwa sura ni nzuri kuliko zote zilizotangulia. Katika nyumba hiyohiyo ya Suzuki, Jimny ya mwaka 2018 imebaki na chesesi ya ngazi, ekseli za kipande kimoja na gia nzito, vyote vitatu, kwa bei ya gari dogo. Mwaka 2023 wakaitoa ya milango mitano inayotengenezwa India. Ina viti vinne.