Mtoto wa Miaka Saba Alifanya Nini? Historia ya Malezi Yetu Kutoka Ziwani Hadi Kambini

Leo naandika historia, lakini vita nitavigusa kidogo tu. Nataka kuandika namna wazazi wetu walivyolea watoto, kule kwetu na huku.

Sababu ni hii. Mimi ni mhamasishaji wa kujitolea. Kazi yangu ni kukusanya wazazi na kuongea nao juu ya malezi: usimpige mtoto, msikilize, mpe mfano mzuri. Siku moja mama mmoja mzee akanyanyua mkono akasema, "Mwanangu, mnatufundisha kulea. Na wewe ulilelewa na nani?" Watu wakacheka sana. Mimi nikakosa jibu. Jioni nikakaa na baba nyumbani, nikamuuliza: kule kwetu mtoto alilelewaje? Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuongea, na usiku ule tulilala tumechelewa.

Kule ziwani

Baba yangu ni Mbembe, mvuvi wa Fizi, Kivu ya Kusini, pembeni ya Ziwa Tanganyika. Kijijini kwao hakuna mtu aliyefundishwa malezi kwa semina. Kulikuwa na kazi, na kila kazi ilikuwa na umri wake.

Mtoto mchanga alikuwa wa mama na nyanya. Mama akijifungua, nyanya alikuja kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia, na kumshika mtoto ili mama alale. Mtoto wa miaka minne au mitano alikaa ufukweni na kijiti, anafukuza kuku na ndege wasile ndagala zilizoanikwa. Mnaona ni mchezo, lakini baba anasema ndagala zikiliwa mtoto aliulizwa, kwa sababu ile ilikuwa kazi yake. Mwenye miaka saba au nane aliingia mtumbwini mchana, maji yakiwa matulivu, akiwa na kopo la kutoa maji yanayoingia. Miaka kumi na mbili alishika kasia. Miaka kumi na tano alikwenda usiku na wakubwa, usiku usio na mwezi, wanawasha taa za karabai ili ndagala zifuate mwanga, na yeye anavuta wavu.

Wasichana nao walikuwa na ngazi zao: kubeba mdogo mgongoni, kuchota maji, kutwanga sombe, kulima mihogo na mama. Na jioni wavulana walikaa na wanaume kwenye lubunga, ile nyumba ya wazi yenye moto katikati. Watoto walinyamaza wakasikiliza namna wakubwa wanavyoamua ugomvi wa shamba au wa mahari. Kijana aliyekosea hakusemwa na baba yake peke yake. Alisemwa na baba wakubwa, baba wadogo na wajomba.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Fimbo ilikuwepo. Wasichana walibeba mzigo mkubwa kuliko kaka zao, na wengi waliolewa mapema. Ila kuna kitu kimoja nilichokiona katika maneno ya baba: mtoto wa kila umri alijua anafanya nini, na alijua mwakani atafanya nini zaidi.

Vita vilivunja nini

Mwezi wa 10 mwaka 1996 vita vilifika Uvira, na watu wengi wa Kivu ya Kusini wakavuka ziwa kwenda Kigoma. Ndipo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwezi wa 11 mwaka huohuo, na Lugufu ikafuata 1997. Wengine walirudi, lakini vita vya pili vikaanza mwezi wa 8 mwaka 1998. Mwisho wa mwaka ule yalitokea mauaji ya Makobola. Wazazi wangu waliondoka baada ya hapo, usiku, kwa mtumbwi wa baba mwenyewe. Walikuwa na yaya wangu, mtoto wa miaka mitano. Nyanya alikataa kupanda. Alisema yeye ni mzee, atalinda nyumba. Hatukumwona tena.

Walipelekwa Lugufu, na mimi nilizaliwa pale mwaka 2000.

Sasa angalia kilichopotea. Ziwa halikuwepo. Shamba halikuwepo. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mkimbizi akae kambini, na akitoka awe na kibali. Chakula kilikuja kwa kadi ya mgao. Hiyo iliokoa maisha yetu, nashukuru, lakini baba aliyekuwa analeta samaki akawa mtu wa kusimama kwenye foleni kama mtoto wake. Nyanya wa kumshika mtoto mchanga hakuwepo. Baba wakubwa na wajomba walitawanyika, mmoja Nyarugusu, mmoja Zambia, mwingine hatujui.

Mzigo wa nyanya ukamwangukia nani? Ukamwangukia yaya. Akiwa na miaka saba alinibeba mgongoni wakati mama anatafuta kuni. Kisha akambeba aliyenifuata. Shule alikwenda leo, kesho hakwenda, mwisho akaacha. Yaya wangu hakumaliza shule ya msingi. Mimi nilimaliza sekondari. Kila nikisimama mbele ya wazazi kufundisha, nakumbuka kwamba masomo yangu yalipita mgongoni mwake. Kijijini msichana alibeba mdogo wake saa chache huku nyanya yupo karibu. Kambini alifanywa mama kabisa.

Mwaka 2009 Lugufu ikafungwa, tukaletwa Nyarugusu. Nilikuwa na miaka tisa. Majirani waliojua jina langu, ambao wangeweza kumwambia baba "mtoto wako nimemwona mtoni", hao nao wakatawanywa kwenye zoni na vijiji tofauti. Kwa mara ya pili wazazi wakabaki peke yao na watoto.

Mwaka uliofuata nilipoteza bidoni ya maji bombani. Baba alinipiga mpaka jirani akaingia kumshika mkono. Sikusahau. Juzi, usiku ule wa mazungumzo, nilimuuliza kwa nini. Hakukasirika. Alisema, "Kule mtoto akikosea nilimwongezea kazi, au nilimnyima kasia wiki nzima. Huku sikuwa na kazi ya kumpa wala kasia ya kumnyima. Nilibaki na mkono tu."

Sisemi hivyo ili kumtetea. Kupiga ni kupiga, na mwili wangu ulijua. Lakini nilielewa kwamba baba hakusahau kulea. Alipoteza vile vitu alivyokuwa analea navyo.

Namna walivyojenga tena

Na hapa ndipo historia yetu haijaandikwa vya kutosha. Wazazi wengi hawakukaa bure kungoja semina.

Mama yangu alianza na mgao. Siku ya kupokea alipima unga kwa kopo, akagawa kwa siku, kisha akachora mistari ya mkaa ukutani, kila siku mstari mmoja. Mdogo wangu wa miaka saba ndiye aliyefuta mstari mmoja kila jioni. Mistari ikibaki minne na unga ni wa siku mbili, yeye ndiye aliyepiga kelele! Alijifunza hesabu pale kabla ya darasani. Mtoto wa miaka minne alipewa kuchambua mawe kwenye maharage. Mwenye miaka kumi na minne alipewa kushika kadi kwenye foleni, na kadi ya mgao si kitu cha kumpa mtu usiyemwamini.

Baba naye alijifunza kufyatua matofali ya udongo. Mnajua nyumba zetu, mvua ya masika ikipiga ukuta unalainika, kila mwaka kuna wa kurudishia. Mwanzoni alifanya peke yake. Baadaye akatuita. Mdogo alileta majani ya kufunika matofali yasipasuke na jua. Mimi wa miaka kumi na moja nilikanyaga udongo. Nikafika kumi na tatu akanipa fremu ya kufyatulia. Nikiwa na kumi na sita nilipanga ukuta wa jikoni, ukakaa upande, akaubomoa, akaniambia panga tena. Hakunipiga. Tangu fremu ile, sikumbuki kupigwa.

Kumbe ilikuwa ngazi ileile ya mtumbwini: kijiti, kopo, kasia, wavu. Aliihamishia kwenye udongo, na sidhani alijua anafanya hivyo.

Halafu ukaja mwaka 2015. Ndugu zetu wa Burundi walikimbia, wakajaa kwenye kijiji cha Kagunga pembeni ya ziwa, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Nyarugusu ikaongezeka zaidi ya mara mbili. Watu walilala kwenye shule na makanisa. Walikuwepo watoto waliofika bila mzazi. Familia za hapa ziliwachukua wengine, na mama zetu walikuwa na swali lao la kwanza, nalisikia mpaka leo: "Huyu ana miaka mingapi?" Wakijua umri walijua aanze na nini, apewe usingizi na uji, au apewe mwenzake wa kwenda naye bombani ili asijisikie mgeni. Kirundi hawakukijua. Umri walijua.

Tunachukua nini leo

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unajulikana kwa haki, lakini una kifungu cha 31 kinachosema mtoto pia ana wajibu kwa familia yake, kulingana na umri wake na uwezo wake. Nilipokisoma nilishangaa. Ni maneno ya baba kabisa! Ila maneno "umri na uwezo" yanakata pande zote mbili. Yanakataa mtoto kukaa bila jukumu lolote, na yanakataa yaya wangu kufanywa mama akiwa na miaka saba.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ninavyofungua mikutano yangu. Sianzi tena na "usifanye". Ninauliza kwanza: kwenu, mtoto wa miaka saba alifanya nini? Wa kumi na mbili je? Wazee wanaamka, wanabishana, wanacheka. Kisha nauliza: huku kambini kitu gani kinaweza kukaa mahali pake? Na kisha nauliza swali gumu: na msichana, anapata saa ngapi za shule na za kucheza? Hapo wengine wananyamaza. Ni kunyamaza kuzuri, ni kwa mtu anayefikiri.

Ndugu wa mashirika, ninawaomba tujaribu hilo. Mzazi aliyeulizwa anachokijua anakubali pia kuambiwa asichokijua.

Na vijana wenzangu, hali ni ngumu tena. Mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu. Watoto wa miaka kumi na nne, kumi na tano wanatoroka kambini kutafuta vibarua, na wazazi wengi wamerudi kwenye ule mkono tu. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka kumi na tano, na mwezi uliopita alifunga nguo zake kwenye mfuko. Baba hakupiga kelele. Alimwambia, "Ukuta wa nyuma umeanguka. Safari hii wewe ndiye fundi, mimi nitaleta maji." Sijui kama atakaa moja kwa moja. Leo asubuhi nimemwacha na fremu, anabishana na baba kwamba udongo umezidi maji.

Basi kabla hujalala leo, muulize mama au baba yako, au mzee yeyote wa kijiji chako: katika umri wa mdogo wako, yeye alikuwa anafanya nini? Andika jibu. Hao wazee wanaondoka mmoja mmoja, na ngazi hizi hazijaandikwa popote.