Kusoma Picha ya Sainasi za Mgonjwa wa Pumu

Mgonjwa wa pumu mwenye mafua ya mzio akipigwa picha ya CT, mara nyingi ripoti hurudi ikisema sainasi zimejaa. Kinachofuata kinafahamika: antibayotiki, kisha antibayotiki nyingine, kisha rufaa ya upasuaji. Hoja yangu ni kwamba ripoti hiyo inasomwa vibaya. Kwa wagonjwa hawa, kinachoonekana kwenye picha aghalabu ni tawi la ugonjwa uleule ulioko kifuani.

Katika picha ya CT, hewa ni nyeusi. Utando uliovimba na ute ni kijivu. Kwa mfumo wa Lund na Mackay wa mwaka 1993, unaotumika hadi leo, kila sainasi hupewa 0 ikiwa wazi, 1 ikiwa imeziba kiasi, 2 ikiwa imeziba yote. Njia ya kutolea ute hupewa 0 au 2. Jumla ya juu kabisa kwa pande zote mbili ni 24. Alama hizo hupima uzibaji tu, hazituambii kama pana bakteria. Mwaka 1994 Gwaltney na wenzake, huko Marekani, waliwapiga picha watu wazima 31 wenye mafua ya kawaida, na 27 kati yao wakakutwa na kasoro katika sainasi za mashavuni. Wengi wa waliopigwa picha tena baada ya wiki mbili hivi walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa bila antibayotiki.

Kwa wenye pumu kali, kasoro hizo haziondoki upesi hivyo. Ten Brinke na wenzake, Uholanzi, walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa wagonjwa 89 wa pumu kali: asilimia 84 walikuwa na kasoro, na asilimia 24 uzibaji wao ulikuwa mkubwa. Lililo zito zaidi ni kwamba kadiri alama za picha zilivyopanda, ndivyo eosinofili, zile chembe nyeupe zinazochochea uvimbe wa mzio, zilivyoongezeka katika damu na makohozi. Kwa muda mrefu iliaminiwa kwamba ute wa sainasi huchuruzika na kuyachokoza mapafu. Lakini Braunstahl na wenzake walipoweka chavua ya nyasi ndani ya bomba la pafu la watu wenye mafua ya mzio, eosinofili ziliongezeka puani pia. Ute haupandi juu namna hiyo. Damu ndiyo inayobeba ujumbe.

Msomaji makini atauliza: kama ni ugonjwa mmoja, mbona kuitibu pua hakutulizi kifua? Swali ni la haki. Jaribio la Dixon na wenzake, lililochapishwa mwaka 2015, liliwapa steroidi ya kupuliza puani wagonjwa wa pumu isiyodhibitiwa waliokuwa pia na ugonjwa sugu wa pua na sainasi, na pumu yao haikudhibitika zaidi. Naona tokeo hilo linaikamilisha hoja badala ya kuivunja: dawa inayoishia puani haiugusi mchakato unaopita kwenye damu. Dupilumab, sindano inayozuia baadhi ya ishara za mchakato huo, iliidhinishwa Marekani kwa pumu mwaka 2018 na kwa vinyama vya puani mwaka 2019. Kwa bei yake, wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki hawawezi kuipata.

Kuuliza, hata hivyo, hakuhitaji mashine wala bei. Je, mgonjwa amepoteza uwezo wa kunusa? Ana vinyama puani? Amewahi kubanwa kifua muda mfupi baada ya kumeza aspirini, ibuprofeni au diklofenaki? Utatu wa pumu, vinyama na kutovumilia aspirini, ulioelezwa na Widal tangu 1922 na kufafanuliwa na Samter na Beers mwaka 1968, unaweza kuua, na dawa hizo huuzwa kwetu kwenye maduka ya dawa bila cheti. Jibu likiwa ndiyo, liandikwe kwenye jalada lake kwa herufi kubwa, naye aelezwe majina ya dawa zote za kundi hilo kabla hajatoka chumbani.