Laptop inajizima na kuwaka yenyewe? Kabla ya kupiga Windows upya, angalia antivirusi

Laptop inawaka vizuri, unafungua kazi yako, dakika kumi baadaye skrini inakata ghafla na mashine inaanza kuwaka upya yenyewe. Ukiipeleka kwa fundi, mara nyingi jibu ni moja tu: ipigwe Windows upya.

Shida ni kwamba ukifomati kabla ya kuhamisha mafaili, mahesabu ya duka, picha za harusi na utafiti wa chuo vinaondoka pamoja na tatizo. Na wakati mwingine tatizo lenyewe kumbe ni programu mbili za ulinzi zinazogombana, jambo ambalo lingeweza kumalizwa bila kufuta hata faili moja.

Si kila kompyuta inayojirestati ina ugonjwa huu. Joto kali, RAM mbovu, betri iliyochoka na umeme unaocheza navyo husababisha hali hiyo hiyo. Lakini kama tatizo lilianza siku chache baada ya kuweka antivirusi mpya, au baada ya ile ya zamani kujisasisha, anza kuishuku hiyo.

Kwa nini antivirusi iangushe mashine nzima?

Programu ya kawaida, kama ya kuandikia au ya kupiga muziki, ikikwama inafungwa peke yake na nyingine zinaendelea na kazi. Antivirusi iko tofauti. Ili iweze kukagua kila faili kabla halijafunguka, inaweka draiva zake ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, kule ambako Windows yenyewe inafanyia kazi. Kosa likitokea huko, Windows haiwezi tena kuamini kilichomo kwenye kumbukumbu yake. Inasimamisha kila kitu ili data isiharibike, kisha inawasha mashine upya.

Sasa weka mbili. Unafungua faili, antivirusi ya kwanza inalizuia kidogo ili ilikague. Ya pili inaona mwenzake anagusa faili, nayo inazuia ili ikague. Kila moja inamsubiri mwenzake. Siku nyingine moja inaona orodha ya virusi iliyohifadhiwa na mwenzake na kudhani ni virusi wa kweli. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa zizi ndilo linalobomoka.

Wengi wana mbili bila kujua. Laptop mpya nyingi huja na antivirusi ya majaribio, muda wake unaisha, mwenye mashine anaweka nyingine aliyopewa na rafiki kwenye flashi. Ile ya kwanza imeacha kulinda, lakini draiva zake bado zinapakiwa kila mashine ikiwaka. Microsoft Defender, inayokuja na Windows 10 na 11, kwa kawaida hujiweka pembeni yenyewe ukiingiza antivirusi nyingine. Kwa hiyo ugomvi mara nyingi ni wa wageni wawili, si wa mgeni na mwenyeji.

Hata moja inaweza kuleta balaa

Aprili 21, 2010, sasisho la McAfee namba 5958 lilidhani svchost.exe, faili halali la Windows, ni virusi. Kompyuta zenye Windows XP SP3 zilipoteza mtandao, na nyingi zikawa zinawaka na kuzima bila kikomo.

Januari 2018 Microsoft ililazimika kuzuia sasisho lake la usalama lisiende kwenye kompyuta ambazo antivirusi zake hazijathibitishwa kuendana nalo. Baadhi ya programu hizo zilikuwa zinagusa kumbukumbu ya kiini kwa njia isiyoruhusiwa, na mashine zinaanguka.

Lakini kubwa kuliko ni la Julai 19, 2024. Saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilituma faili dogo la sasisho kwa wateja wake. Programu ilitarajia taarifa 21, ikapewa 20. Ilipojaribu kusoma ya 21 ambayo haikuwepo, Windows ikaanguka. Faili lilirekebishwa baada ya dakika 78 tu, ila kompyuta zilizokwisha kulipokea hazikuwa zikikaa hewani muda wa kutosha kupokea marekebisho. Microsoft ilikadiria ni mashine milioni 8.5. Ndege zilifutwa, hospitali na benki zikakwama, na mafundi wakapita mashine moja baada ya nyingine kufuta faili hilo kwa mkono.

Kwa wapenda historia: George Kurtz, bosi wa CrowdStrike siku hiyo, ndiye aliyekuwa mkuu wa teknolojia wa McAfee mwaka 2010.

Jinsi ya kumjua mhusika

Windows imepangwa ijiwashe upya haraka baada ya kuanguka, ndiyo maana watu wengi hawawahi kusoma ujumbe wa kosa. Izuie. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, utoe tiki kwenye Automatically restart. Mashine ikianguka tena, skrini ya bluu (nyeusi kwenye Windows 11 za karibuni) itabaki pale. Piga picha kwa simu.

Unachotafuta ni jina linaloishia na .sys. Ukiona aswSnx.sys, hiyo ni ya Avast. klif.sys ni ya Kaspersky, mfehidk.sys ya McAfee, eamonm.sys ya ESET. Kwenye balaa la 2024 jina lilikuwa csagent.sys. Jina halimaanishi moja kwa moja kwamba huyo ndiye mwenye kosa, huenda kagongwa na mwenzake, lakini umeshajua pa kuanzia.

Skrini ikikosa jina, bonyeza tena Windows na R, andika perfmon /rel. Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku mashine ilipoanguka. Bofya siku ya kwanza yenye alama hiyo na uangalie kilichowekwa au kusasishwa siku hiyo au jana yake.

Usitishike na ujumbe wa Kernel-Power 41 ambao wengi hukutana nao kwenye Event Viewer. Unasema tu kwamba kompyuta ilizima bila kuaga. Hata umeme ukikatika utauona.

Kuiondoa bila kupoteza kitu

Kwanza hakikisha una ufunguo wa BitLocker, maana laptop nyingi za sasa zimefungwa kwa usimbaji na zinaweza kuuomba katikati ya kazi. Una tarakimu 48, na ukiwa uliingia kwa akaunti ya Microsoft huwa unapatikana aka.ms/myrecoverykey, hata kwa simu. Hatua hii usiiruke. Bila ufunguo, mafaili yako yanaweza kubaki yamefungwa.

Kisha shikilia Shift huku ukibofya Restart. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Hiyo ndiyo Safe Mode, ambako draiva nyingi za nje hazipakiwi. Kama mashine haikai hata kufika hapo, izime kwa kitufe mara mbili tatu inapoanza kuwaka, Windows italeta yenyewe ukurasa wa ukarabati.

Ukiwa Safe Mode nakili kwanza mafaili ya muhimu kwenye flashi. Halafu ondoa antivirusi zote za nje, si moja. Njia ya kawaida ya kufuta programu mara nyingine inagoma ukiwa Safe Mode, na hata ikikubali inaweza kuacha mabaki, kwa hiyo tumia kifaa cha kampuni husika: MCPR kwa McAfee, Avast Clear kwa Avast, kavremover kwa Kaspersky. Pakua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kwenye kurasa zinazogawa programu za kraki.

Washa kawaida. Defender inapaswa kurudi kazini yenyewe. Mashine ikitulia siku mbili tatu na bado unataka antivirusi ya kulipia, weka moja tu. Kompyuta ya ofisi usiiguse, waite watu wa IT.

Na kama ilikuwa inajizima hata ndani ya Safe Mode, antivirusi huenda haina kosa. Hapo sasa mpelekee fundi, umwonyeshe ile picha ya skrini, na umwambie aanze na joto na RAM.