Fedha za Safari Isiyofanyika

Kwa miongo mingi, msafiri wa Marekani aliyeghairi safari ya ndege alirudishiwa fedha zake bila kuulizwa sana. Nauli zilipangwa na bodi ya serikali, Civil Aeronautics Board, na kwa kuwa mashirika hayakuruhusiwa kushindana kwa bei, yalishindana kwa chakula, kwa nafasi ya kunyoosha miguu na kwa wepesi wa masharti. Mfanyabiashara aliweza kuweka nafasi kwenye ndege tatu za siku moja, akapanda moja, na asilaumiwe na mtu. Viti vikaruka vitupu, na mashirika yakajibu kwa kuuza nafasi nyingi kuliko viti vilivyopo. Ralph Nader alipoachwa uwanjani na Allegheny Airlines mwaka 1972 akaenda kushtaki, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu mwaka 1976, nchi nzima ikajua mchezo huo. Hapo ndipo pa kuanzia mtu akitaka kuelewa kwa nini leo tiketi isiyorudishiwa fedha, ikighairiwa, bado hubaki na thamani ya kununulia nyingine. Salio hilo husemwa kama hisani ya shirika. Nadai kwamba ni kipande cha haki ya zamani kilichosalia baada ya haki yenyewe kukatwa, na ukubwa wake umeamuliwa na ushindani kuliko na gharama.

Ukataji ulianza kabla bodi haijavunjwa. Mwaka 1977 American Airlines ilileta nauli za Super Saver, nafuu kwa yule tu aliyenunua mapema na kukaa safarini siku kadhaa. Mwaka uliofuata Rais Carter alitia saini sheria iliyoachia nauli huru. Mwaka 1981 ikaja People Express na bei za chini mno, na mashirika makongwe yakahitaji njia ya kumpa nafuu mtalii bila kumpa mfanyabiashara ambaye angelipa bei yoyote. Njia ikawa masharti. Kufikia mwaka 1987, Continental ilipotangaza nauli za MaxSaver, sharti la kutorudishiwa fedha lilikuwa limekuwa nguzo ya biashara: anayejua tarehe zake analipa kidogo, anayetaka uhuru analipa zaidi. Hata hivyo mlango haukufungwa kabisa. Kwa kawaida tiketi iliyoghairiwa iliweza kubadilishwa kwa nyingine ndani ya mwaka mmoja tangu ilipotolewa, kwa ada ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa kama dola 25.

Zama hizo thamani ilikuwa kitu cha kushika. Tiketi ilikuwa kijitabu chembamba, kila sehemu ya safari na karatasi yake, na nyuma yake kaboni nyekundu iliyochafua vidole. Wakala aliyebadilisha tiketi aliipokea ya zamani, akapiga hesabu ya tofauti ya nauli, kisha kwenye ile mpya akajaza namba ya ile ya kwanza katika kisanduku maalumu cha tiketi iliyobadilishwa. Abiria alikuwa na ushahidi mkononi. Tiketi za kielektroniki zilipoenea kuanzia katikati ya miaka ya 1990, hadi IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, ilipoachana na karatasi mwaka 2008, ushahidi ulihamia kwenye kompyuta ya shirika, na msafiri akabaki na namba tu. Asiyekumbuka namba wala tarehe ya mwisho alipoteza fedha zake bila hata kujua siku aliyozipoteza.

Kazi ya kubadilisha ilizidi kuwa nyepesi, na ada ikazidi kupanda. Kufikia mwaka 2013 mashirika makubwa yalitoza dola 200 kwa safari za ndani, kiasi ambacho kwa nauli nyingi za bei nafuu kilimeza salio lote. Kabla ya hapo, mwaka 2002, yakiwa yamejeruhiwa na mashambulizi ya Septemba ya mwaka uliotangulia, US Airways na kisha mashirika mengine makubwa yalijaribu kwenda mbali zaidi: abiria asiyepanda ndege yake wala kubadilisha tiketi kwa wakati apoteze kila kitu. Baadaye makali yalipunguzwa, ikawa inatosha kughairi kabla ndege haijaondoka.

Wapo watakaosema kwamba abiria alikubali masharti na alipewa nauli ya chini kwa sababu hiyo hiyo, tena kiti kikiruka kitupu hakiuziki tena. Hoja hiyo ina uzito, na sidai kwamba anayeghairi saa moja kabla ya safari alipwe kila senti. Lakini kiti kilichoachwa wiki tatu kabla huuzwa tena, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi, na bado ada ilikuwa ile ile. Southwest, shirika jingine la ndege la Marekani, haikuwahi kutoza ada ya kubadilisha, ikamwachia abiria aliyeghairi thamani yote ya tiketi yake, na ikapata faida kila mwaka kuanzia 1973 hadi 2019. Mwaka huo wa 2019 ada za kubadilisha na kughairi ziliyaingizia mashirika ya Marekani takriban dola bilioni 2.8. Fedha hizo zilikuwa pato, na kuziita fidia ya viti vitupu ni vigumu kwa mtu anayetazama mfano wa Southwest.

Kisha ikaja korona. Mwishoni mwa Agosti 2020, ndege zikiwa karibu tupu, United ilifuta ada ya kubadilisha kwa tiketi nyingi za ndani, na kesho yake Delta na American zikafuata. Lakini nauli za chini kabisa ziliachwa nje, na salio likabaki na tarehe ya kufa: maseneta Markey na Blumenthal walikadiria kwamba zaidi ya dola bilioni 10 za wasafiri zilikwama kwenye salio lisilotumika. Southwest iliondoa ukomo mwaka 2022, ikaurudisha kwa tiketi zilizonunuliwa kuanzia tarehe 28 Mei 2025, baada ya kubanwa na wanahisa waliotaka faida zaidi. Kanuni za serikali za mwaka 2024 zinalilazimisha shirika kurudisha fedha pale linapofuta safari lenyewe. Abiria anayeghairi mwenyewe, kwa msiba au kwa kazi, ameachwa na kile ambacho shirika litaamua kumwachia, kwa muda ambao shirika litaamua.