Pua Hutangulia Kifua

Mwaka 1819 daktari John Bostock aliwaeleza wenzake jijini London maradhi yaliyokuwa yakimtesa tangu utotoni. Kila kiangazi macho yalimwasha, chafya zikafuatana, kisha kifua kikambana. Chanzo hakukijua. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alijitia chavua ya nyasi puani, na akarusha tiara kuinasa chavua iliyokuwa ikielea angani. Kumbe nyasi ndizo zilizokuwa zikiwaumiza.

Kama mafua hayo ya mzio yanaweza kushuka hadi mapafuni, hilo lilihitaji subira kulijua. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walifuatiliwa kwa miaka 23. Waliokuwa na mzio wa pua waliishia kupata pumu kwa asilimia 10.5, wasiokuwa nao, asilimia 3.6. Pua na mapafu ni njia moja ya hewa, na kinachoichokoza huku juu hakiishii huku juu.

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, nako nyasi na miti hutoa chavua, lakini vumbi lenye historia nzito zaidi huko ni la kahawa. Wahaya walikuwa wakiitafuna kahawa iliyochemshwa na majani yenye harufu, na kumkaribisha mgeni kwayo, kabla Emin Pasha hajaanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikalifungulia zao hili soko la mbali. Mwaka 1950 wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika. Kadiri mavuno yalivyoongezeka, ndivyo kahawa ya kukoboa ilivyoongezeka.

Robusta ya Kagera huanikwa na ganda lake juani hadi ikauke, ndiyo kahawa ya maganda. Kiwandani ganda hilo huvunjwa, na vumbi lake hubeba bakteria na ukungu. Mwaka 2013 Gloria Sakwari wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzake walichapisha vipimo vya hewa waliyovuta wafanyakazi wa viwanda vya kahawa nchini Tanzania. Kwenye robusta, wastani wa vumbi ulikuwa miligramu 3.41 kwa mita ya ujazo. Kwenye arabika, ambayo kwa kawaida humenywa na kuoshwa mapema, ulikuwa 2.10. Sumu za bakteria zilipishana zaidi: vizio 10,800 kwa mita ya ujazo dhidi ya 1,400. Anayemimina magunia kwenye mashine yumo katikati ya vumbi hilo.

Sumu hizo huchokoza mapafu hata ya asiye na mzio. Mzio wenyewe ni jambo jingine: mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya protini za buni mbichi, na kila vumbi linaporudi hali huzidi. Hata gunia lina lake. Mwaka 1928 madaktari wa Toledo, Marekani, walieleza pumu iliyoenea jirani na kinu cha mafuta ya mbarika. Baadaye ikajulikana kwamba magunia yaliyowahi kubeba mbarika huichafua kahawa kwa mzio huohuo.

Kwa wafanyakazi wa namna hii, mara nyingi mafua hutangulia pumu kwa miezi au miaka. Muda huo ndio wa kuokoa kifua. Wenye viwanda wafunike midomo ya mashine na kufyonza vumbi. Nawe unayepiga chafya kazini na kupata nafuu siku za mapumziko, mweleze daktari kazi unayofanya, kabla hujaanza kukohoa usiku.