Fimbo Moja ya Breki: Funzo la Mgodi wa Markham

Ndugu wanachama, katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu tumeona yafaa kutenga ukurasa mmoja kwa habari isiyo ya zao wala ya mizani. Ni habari ya breki, na maana yake kwetu itadhihirika mwishoni.

Wachimbaji wa migodi mirefu hushuka kazini ndani ya kizimba cha chuma kinachoning'inia kwenye kamba. Juu ya shimo hukaa winchi yenye ngoma kubwa inayoizungusha kamba hiyo. Zamani kamba zilikuwa za katani, au minyororo ilitumika. Mwaka 1834 Wilhelm Albert wa Clausthal, Ujerumani, alianza kutumia kamba ya nyuzi za chuma. Mashimo yakazidi kwenda chini, vizimba vikawa vizito, na kazi ya breki ikaongezeka.

Mafundi walibuni jambo la busara. Breki hufungwa kwa nguvu za springi, na hufunguliwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Hewa ikipotea, springi hufunga breki zenyewe. Ilidhaniwa kwamba hatari imekwisha.

Walakini asubuhi ya tarehe 30 Julai 1973, katika mgodi wa makaa wa Markham, Derbyshire, Uingereza, wachimbaji 29 walikuwa wakishushwa. Kizimba kilipokaribia chini, mwendeshaji aliona cheche na kusikia kishindo. Alivuta breki, isishike. Akabonyeza kitufe cha hatari. Umeme wa mota ukakatika, na pamoja nao ukatoweka msaada wa mota katika kupunguza mwendo. Ikabaki breki ya springi peke yake, nayo ilikuwa imekwisha kufa. Kizimba kiligonga chini kwa kasi. Watu 18 walifariki, na 11 waliumia vibaya.

Uchunguzi ulionyesha kwamba springi hazikuwa na kosa. Nguvu zake zote zilipita katika fimbo moja ya chuma, na fimbo hiyo ilikatika. Kiungo chake hakikuzunguka kwa wepesi, kwa hiyo fimbo iliyotengenezwa ili ivutwe tu ikawa inapindwa kidogo kila breki ilipotumika. Ufa ukaanza, ukakua kwa miaka bila kuonekana. Tena, onyo lilikuwapo: mwaka 1961 fimbo ya namna hiyo ilipata kuharibika katika mgodi mwingine wa nchi hiyo. Lakini ya Markham haikupimwa kwa vyombo vya kugundua ufa uliojificha.

Tangu hapo wahandisi wameshika kanuni hii: usalama wa watu usitegemee kipande kimoja. Winchi nyingi za siku hizi hufungwa breki za sahani zenye makucha mengi, kila moja na springi zake. Moja likiharibika, mengine hushika.

Nasi wanaushirika tuna fimbo zetu. Ghala lenye ufunguo mmoja, hesabu zinazojulikana na mtu mmoja, ukaguzi wa kutazama jalada bila kufungua daftari: vyote huonekana imara hadi siku ya mzigo mzito. Basi tuongeze macho na mikono, nayo maonyo tuyafuate yangali mapya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.