Kumpeleka mtoto mwenye ulemavu ufukweni Tanganyika: Mambo ya kuzingatia

Kwa familia nyingi za Burundi, siku ya mapumziko ni siku ya kwenda ziwani, iwe Bujumbura au Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 75 kusini. Mtoto mwenye ulemavu mara nyingi huachwa nyumbani.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kikwazo cha kwanza ni mchanga, kwani magurudumu madogo ya mbele huzama. Kukivuta kiti kinyumenyume au kutandika mbao husaidia. Ni vyema pia kuuliza mapema kuhusu ngazi na choo.

Mtoto anayetaabishwa na kelele apelekwe asubuhi, kabla ya umati.

Ziwa lina viboko na mamba: wazazi wawaulize wenyeji mahali salama, wafunge breki za kiti, wala wasimwache mtoto peke yake.

Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 yataka watoto hao washiriki michezo na burudani sawa na wenzao.